Kisasili Kipi cha Kigiriki Ukisimulie Upya? Anza na Aliyepitwa

Hadithi yangu ya kwanza ya Kigiriki ilimhusu Icarus. Niliiandika mara tatu, na mara zote kijana aliruka kwa mbawa zilizogandishwa kwa nta, jua likaiyeyusha, akatumbukia baharini. Sikuwa na la kuongeza. Tangu hapo, kabla sijachagua kisasili, huuliza: nani kapitwa hapa?

Mchukue Elpenor. Katika Odyssey, utenzi wa Homer wenye vitabu 24 kuhusu safari ya shujaa Odysseus kurudi nyumbani kutoka vitani, yeye ni baharia mdogo kuliko wote, si hodari vitani wala si mwerevu sana. Tunakutana naye mwishoni mwa kitabu cha 10. Amelewa mvinyo, kapanda kulala juu ya paa la nyumba ya Circe, mchawi wa kike aliyewakaribisha, apate ubaridi. Anasikia wenzake wakihangaika kuondoka, anakurupuka, anasahau kushuka kwa ngazi, anaanguka na kuvunjika shingo. Merikebu inaondoka bila yeye. Odysseus anapofika kuzimu, roho ya kwanza kumjia ni ya Elpenor, na ombi lake ni dogo: nichome pamoja na silaha zangu, unirundikie kaburi ufukweni, na juu yake usimike kasia nililokuwa nikilivuta pamoja na wenzangu.

Nilipofika kwenye lile kasia nilifunga kitabu. Kaka yangu alifia melini, akazikwa kwenye mji wa bandari ambao mama hajawahi kuuona. Siku hiyohiyo nilianza kuandika, kwa sauti ya baharia aliyepewa kazi ya kulisimika.

Basi tafuta kisa chenye mtu aliyepewa mistari michache na kitu kimoja unachoweza kukishika mkononi. Kisha soma masimulizi zaidi ya moja, maana Wagiriki wenyewe hawakukubaliana. Yapo ya kale yanayosema watoto wa Medea, mke aliyeachwa na mumewe Jason, waliuawa na watu wa Korintho. Mwandishi wa tamthilia Euripides, katika tamthilia yake ya mwaka 431 KK, anamfanya mama mwenyewe awaue. Mwaka 412 KK akaandika kwamba Helen, mwanamke ambaye Wagiriki walipigana vita Troy kwa ajili yake, hakufika Troy kabisa, alikuwa Misri. Uhuru huo ni wako pia.

Hata ndani ya simulizi moja kuna ufa. Kwenye utenzi wa kale wa kumsifu Demeter, mungu wa kike wa mavuno, msimulizi anasema Hades, mfalme wa kuzimu aliyemteka binti yake Persephone, alimlisha binti huyo punje ya komamanga kwa siri. Binti anapomsimulia mama yake, anasema alilazimishwa. Kwa nini maneno hayalingani? Hapo pana hadithi nzima, na natamani mtu aiandike.

Ukoo wa Atreus, ule wa wafalme waliouana kizazi kwa kizazi, uache kwanza. Ukihitaji nusu ukurasa kueleza nani alimuua baba wa nani, msomaji ameshachoka. Na visa vya Zeus, mfalme wa miungu, kuteka wasichana, kama Europa aliyebebwa naye akiwa amejigeuza fahali, usiviite mapenzi. Kama huna nia ya kumsikiliza msichana, chagua kingine.

Mwisho, kisimulie kwa mdomo, bila kitabu, kwa mtu asiyejua lolote la Ugiriki, na usikilize atauliza nini. Mama alipokuwa akichambua mchele, nilimsimulia kisa cha Elpenor. Alinyamaza hadi nikamaliza, kisha akauliza: "Na mama yake, nani alimpelekea habari?"

Hadithi yangu ya pili inaanzia hapo.