Kabla hujakinga mvua ili upime hewa

Masika yakianza, vumbi hutulia, moshi hupungua, na milima iliyokuwa imefifia huonekana tena vizuri. Uchafu ule haujapotea. Umeshuka na maji. Mawingu yenyewe hujengeka juu ya chembe zilizomo hewani, na kila tone likianguka hukumba nyingine njiani pamoja na gesi zinazoyeyuka. Kwa hiyo mtu mwenye chombo safi na subira anaweza kujua mengi kuhusu hewa ya mtaa wake bila mashine ya mamilioni. Ila kazi hii huharibika au kutengemaa kabla mvua haijanyesha. Haya nawaandikia walimu, wanachuo na vikundi vya mazingira wanaotaka kuanza msimu huu.

Anzeni na swali lenyewe. Wengi hukimbilia pH, yaani kipimo cha asidi ambacho 7 ni katikati na chini yake ni asidi, na ni haki yao, kwa sababu ndiyo iliyolipa jambo hili umaarufu tangu karne ya 19, pale mkemia Robert Angus Smith alipounganisha asidi iliyokuwamo katika mvua ya Manchester, Uingereza, na makaa ya mawe yaliyochomwa viwandani. Lakini mvua isiyoguswa na kiwanda chochote haina pH 7. Huyeyusha hewa ya ukaa na kushuka hadi 5.6 hivi, hata chini ya hapo kwenye misitu, maana mimea nayo ni chanzo cha asidi za asili kama ile ya fomiki. Usipige kelele kwa kuona 5.4.

Mtego mkubwa uko upande wa pili. Moshi wa magari huzaa asidi ya naitriki, na mafuta yenye salfa huzaa asidi ya salfuriki. Katika miji yetu asidi hizo hukutana angani na vumbi la barabara, saruji na majivu, vyote vyenye kalsiamu, pamoja na amonia ya mazizi, vyoo na majalala. Zinazimuliwa kabla hazijafika chini. Mvua ya pH 6.4 iliyokingwa kando ya barabara ya vumbi Dar es Salaam inaweza kuwa imebeba uchafu mwingi kuliko mvua ya 5.2 ya msituni Amani, milima ya Usambara. Mimi nikiambiwa nichague kifaa kimoja tu, nachukua kipima upitishaji umeme badala ya kipima pH. Asidi na vumbi zikikutana, pH inarudi katikati kama vile hakuna kilichotokea, lakini chumvi iliyobaki bado inapitisha umeme na kifaa kinaiona.

Mkiwa pwani, kuna hesabu ya ziada inayotakiwa kufahamika mapema. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ya bahari ina salfeti yake, chumvi ileile inayotokana na asidi ya salfuriki. Kwa uzito, salfeti ya bahari ni takriban robo ya sodiamu. Sampuli ikionyesha sodiamu miligramu 4 kwa lita, basi miligramu 1 ya salfeti ni ya bahari. Jumla ya salfeti ikiwa 1.6, kinachohitaji maelezo ni ile 0.6 tu. Anayesahau kutoa sehemu ya bahari atawasingizia wenye malori kosa la Bahari ya Hindi. Na salfeti iliyobaki nayo haina chanzo kimoja: Goma, watu wanaokinga maji ya paa wanajua kwamba moshi wa volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira hushuka na mvua, ukiwa na asidi pamoja na floraidi, bila kiwanda chochote kuhusika.

Sasa chombo. Hapa ndipo sampuli nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Maji ya mvua yana madini machache mno, kiasi kwamba uchafu usioonekana kwa macho unaweza kuzidi kile unachokitafuta. Maji ya bati na gata yasahau kabisa; yatakueleza habari za zinki na kinyesi cha popo. Kioo pia hutoa sodiamu kidogo kidogo. Tumia faneli iliyokaa juu ya chupa, vyote vya plastiki ngumu ya polithini, vipya, ambavyo havijawahi kubeba rangi, mafuta wala juisi. Usioshe kwa sabuni, kwani baadhi ya sabuni zina fosfeti na nyingi zina sodiamu. Suuza mara kadhaa kwa maji yaliyoondolewa madini. Vituo vya mafuta huuza maji ya betri. Hakikisha umepewa yale ya kuongezea, si asidi, na hata hayo yapime kwanza. Kipima upitishaji umeme kikisoma zaidi ya maikrosimensi (kizio chake) 2 au 3 kwa sentimita, yasikuoshee chombo. Vidole vyako vina jasho, na jasho ni chumvi: vaa glovu na usiguse ndani ya faneli.

Kisha fanya jaribio ambalo watu hulikwepa kwa uvivu. Siku kavu, mimina maji hayohayo safi kupitia faneli hadi kwenye chupa, yaache usiku kucha, asubuhi uyapime kana kwamba ni mvua. Usomaji ukipanda, chombo chako ndicho kinachochafua. Rudia kuosha. Anayetaka kupima risasi na metali nyingine aandae chupa ya pembeni iliyooshwa kwa asidi ya naitriki, na asije akaitumia chupa hiyo kutafuta naitreti, maana ndiyo chumvi ya asidi hiyohiyo.

Ukubwa nao upigiwe hesabu. Faneli ya kipenyo cha sentimita 20 ina mdomo wa sentimita za mraba 314, kwa hiyo kila milimita 1 ya mvua itakupa mililita 31. Manyunyu ya nusu milimita hayatoshi kitu. Upande mwingine, mvua ya masika ya milimita 60 kwa usiku mmoja ni karibu lita 2, na chupa ya lita moja itakuwa imejaa ikifika milimita 32. Hilo si suala la maji kumwagika tu. Mvua ya mwanzo ndiyo chafu zaidi, ile ya baadaye huja ikiwa nyepesi, hivyo chupa iliyofurika haiwakilishi mvua nzima. Weka dumu la lita 5 halafu ulale.

Mahali pa kuweka: pa wazi, mdomo wa faneli ukiwa juu ya mita moja na robo hivi ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie, na umbali kutoka kwenye mti au jengo uwe angalau mara mbili ya urefu wake. Mwembe wa mita 8 unataka mita 16. Kagua pia jiko la mama lishe, shimo la taka la jirani na sehemu wanapoegesha bodaboda, uone upepo unavuma kuelekea wapi, maana unataka hewa ya mtaa, siyo ya sufuria moja. Ndege hupenda kutua ukingoni. Sampuli ikitoka na fosfeti na amonia za kushangaza, itupe.

Amueni pia nani atafunua faneli. Faneli inayokaa wazi wiki nzima hukusanya vumbi kavu pamoja na mvua, na hayo ni mambo mawili tofauti. Ama mfunue mvua inapoanza na kufunika inapokatika, ama mkubali kwamba mnapima vyote na mliandike hivyo. La kufunua ni bora, lakini linahitaji mtu wa zamu hata saa nane usiku, na kikundi ambacho hakijakubaliana zamu hukosa dakika kumi za mwanzo, zile zenye habari nyingi kuliko zote. Badilisheni chupa kila siku saa tatu asubuhi, muda uleule wanaposoma kipimamvua vituo vya hali ya hewa. Kipimamvua chenu nacho kiwepo pembeni. Bila milimita huwezi kujua ni uchafu kiasi gani umeshuka juu ya mita moja ya mraba ya ardhi. Utajua tu maji yalikuwa mazito au mepesi.

pH ipimwe siku ileile, kifaa kikiwa kimesawazishwa kwa vimiminika vya pH 4 na 7, na kipe muda, kwa sababu katika maji mepesi hivi namba hutambaa dakika kadhaa kabla ya kutulia. Karatasi za kupimia pH kwa rangi hazifai hapa. Kinachobaki kiende kwenye friji haraka, maana vijidudu hula amonia na asidi za mimea ndani ya siku chache. Zungumza na maabara kabla ya msimu: waulize kama wana kromatografia ya ioni (mashine inayotenganisha na kupima sehemu za chumvi moja moja), bei kwa sampuli, mililita wanazotaka, na kama watapokea deli lenye barafu siku ya Jumamosi. Omba salfeti, naitreti, kloraidi, amoniamu, sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja. Chaji za umeme, chanya na hasi, za vitu hivyo zikikaribia kulingana, majibu yanaaminika. Potasiamu usiiache; ndiyo inayofichua moshi wa kuni, mkaa na mashamba yanayochomwa.

Mwisho ni daftari, ukurasa mmoja kwa kila mvua: tarehe, saa ya kuanza na kukoma, milimita, siku ngapi zilikuwa kavu kabla yake, upepo umetoka upande gani, nani alifunua. Chini yake yaandikwe ya mtaani: greda limepita, jirani amechoma taka, umeme umekatika na majenereta yamewashwa.