Kutia mpini mpya kwenye jembe, shoka na mundu bila kutegemea misumari

Jirani aliniletea jembe lililojaa misumari tunduni, na bado lilikuwa linacheza. Kila lilipolegea alipigilia mwingine. Msumari hauzibi nafasi. Unapasua mbao iliyopo, na ufa huo unakuwa njia ya maji. Tulipomaliza kulitengeneza nikaona niandike hatua zote, maana mpini uliochongwa ukalifuata tundu lake hauhitaji msumari hata mmoja.

Hatua ya 1: Amua kama unatengeneza au unabadilisha

Ufa unaokwenda sambamba na nyuzi za mbao, kwenye mpini wa reki au wa uma, unaunganishika. Upanue kidogo kwa ncha ya kisu, jaza gundi ya mbao mpaka itokeze upande wa pili, kisha zungushia ukanda wa mpira wa tyubu ukiuvuta kwa nguvu zote. Usiuguse mpaka kesho yake.

Ufa unaokata nyuzi kwa mshazari hauna dawa. Na kwa shoka, sururu, jembe au nyundo, mimi siungi kabisa, hata ufa ukiwa mdogo. Chuma kikichomoka wakati unakirusha, hakichagui wa kumpiga.

Hatua ya 2: Toa mpini wa zamani

Kata kwa msumeno karibu na chuma, toboa mbao iliyobaki kwa drili sehemu kadhaa, halafu isukume kwa chuma butu kuelekea upande mpana wa tundu.

Tafadhali usichome. Najua ni njia ya haraka, lakini makali yamepewa ugumu wake kwa kupashwa joto kwa kiasi, na moto wa mkaa unauondoa. Chuma kisafi kikifika rangi ya buluu kimeshakaribia nyuzijoto 300, na makali yake yatakuwa laini. Utanoa kila siku bila kujua sababu.

Hatua ya 3: Chagua mti

Mkavu, usio na fundo, nyuzi zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Napendelea kipande kilichopasuliwa kwa kabari kuliko kilichokatwa kwa msumeno, kwa sababu kinachopasuliwa hufuata nyuzi zenyewe. Ukinunua mpini uliokwisha tengenezwa, ushike usawa wa jicho na uangalie mistari ya mbao: ikitoka nje ya ubavu katikati ya mpini, rudisha.

Mti mbichi husinyaa kwa unene, wala si kwa urefu. Ndiyo maana mpini mbichi ulioingia kwa shida leo utakuwa unacheza ukishakauka. Ukikata mwenyewe, menya gome, paka rangi kwenye ncha zote mbili zisipasuke, na uweke kivulini penye hewa. Kanuni ya mafundi wa zamani ni takriban mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene.

Hatua ya 4: Linganisha mpini na tundu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanapofanya haraka.

Kwanza angalia tundu lenyewe. Halijanyooka kama bomba. Kwenye sururu na majembe mengi ya tundu, mpini huingilia juu: unapitisha ncha nyembamba, unavuta mpaka kichwa kinene cha mpini kikwame. Kila unapolima, chuma kinajikaza chenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kutia kabari. Kwenye shoka na nyundo, mpini huingilia chini na kabari hupigwa juu. Ukichanganya hizi mbili, hakuna ustadi utakaokuokoa.

Sugua kutu ndani ya tundu, na ulaze kingo zake kwa tupa. Ukingo mkali hukata nyuzi za mpini palepale panapobeba nguvu kubwa, na mipini mingi huvunjikia hapo.

Sasa paka masizi ya taa ndani ya tundu. Ingiza mpini kwa mkono mpaka ugome, gonga kidogo, kisha utoe. Utaona alama nyeusi: hapo ndipo mbao inapogusa chuma. Kwangua alama hizo tu, kwa tupa ya mbao au kipande cha kioo, kisha rudisha. Paka tena, gonga, toa, kwangua. Usiguse sehemu isiyo na weusi hata kama inaonekana nene. Kila mara mpini utashuka kidogo, na alama zitaongezeka mpaka zizunguke pande zote. Hapo umefika. Ikiwa masizi yako upande mmoja tu, chuma kimekaa upogo, na jembe litakuwa linakwepa kila unapolishusha.

Panga halifai kwa kazi hii. Linaondoa nyingi mno kwa pigo moja, na mbao ikishapungua hairudi.

Kwa shoka, usipige chuma ili kiingie. Shika mpini wima, chuma kikining'inia chini, na ugonge kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao. Chuma kwa uzito wake hubaki nyuma huku mpini ukizama ndani yake. Ukiona kwa mara ya kwanza unaweza usiamini, lakini ndiyo njia inayokikaza bila kupasua kitu.

Kuhusu kuloweka jembe usiku kucha ili mpini uvimbe: utakaza kwa siku chache tu. Mbao ikivimba ndani ya chuma haina pa kwenda, nyuzi zinasagika, na ikikauka inakuwa nyembamba kuliko ulivyoanza. Anayeloweka leo ataloweka tena wiki ijayo.

Hatua ya 5: Kabari (kwa shoka na nyundo)

Kabla ya kuingiza mpini kwa mara ya mwisho, pasua kwa msumeno ncha yake itakayokaa tunduni, kufuata urefu wa tundu, kina cha theluthi mbili za tundu. Kabari iwe ya mbao ngumu, kavu, pana kama tundu. Ipige mpaka mlio ubadilike na isisogee tena. Acha milimita chache zitokeze juu ya chuma.

Hatua ya 6: Mundu na vyote vyenye mkia

Mkia ni ncha ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Vika pete ya chuma kwenye ncha ya mpini kwanza. Toboa mpini tundu jembamba kidogo kuliko mkia, kisha gonga.

Hatua ya 7: Mafuta

Piga msasa, kisha paka mafuta ya mbegu za kitani yaliyochemshwa, tabaka jembamba, futa yanayobaki, rudia kesho. Vanishi siitaki kwenye mpini: inateleza, inatoa malengelenge, na ikipasuka inaficha maji chini yake.

Vitambaa ulivyopakia usivifinyange na kuvitupa kwenye pipa. Mafuta haya yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.