Umeitwa Tena Kazini: Namna Rubani Aliyepunguzwa Anavyoamua Kurudi au Kubaki Alipo

Mashirika ya ndege ya Marekani yanapopunguza marubani, huanzia chini ya orodha ya ukongwe, yaani orodha ya marubani kwa tarehe ya kuajiriwa: aliyeajiriwa mwisho hutoka kwanza. Kazi ikirudi, wanaitwa kuanzia juu. Ndivyo ilivyokuwa baada ya Septemba 11, 2001, na tena Oktoba 2020, msaada wa serikali wa kulipia mishahara ulipokoma. Barua ya kuitwa inapofika, mara nyingi rubani keshapata kazi kwingine, kesharuka ndege nyingine, na amepewa siku chache za kujibu. Sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa inafaa ifanywe kabla barua haijaja.

Anza na mkataba

Barua inakupa tarehe tu. Haki zako ziko katika mkataba kati ya shirika na chama cha marubani, kwenye kifungu cha kupunguzwa na kuitwa tena. Chini ya sheria ya kazi inayosimamia reli na ndege, mkataba huo haufi tarehe yake ikipita. Unaendelea hadi pande mbili zikubaliane kuubadilisha. Kwa hiyo usitegemee nakala uliyoondoka nayo. Omba toleo la sasa pamoja na barua zote za makubaliano ya pembeni, kwa sababu mambo ya waliopunguzwa hupenda kufichwa humo.

Tafuta haya manne:

1. Siku za kujibu zinaanza kuhesabiwa lini, barua ilipotumwa au ulipoipokea?
2. Unaruhusiwa kupisha walio chini yako na kusubiri bila kupoteza namba yako kwenye orodha? Mikataba mingi inaruhusu, ila walio chini wakishakwisha kuitwa, zamu ikikurudia hakuna tena kupisha: unakwenda au unafutwa.
3. Haki ya kuitwa inakoma baada ya miaka mingapi?
4. Miaka uliyokaa nje inahesabiwa kwenye ngazi ya mshahara, au saa ilisimama siku uliyotoka?

Hakikisha pia anwani yako iko sahihi kwenye kumbukumbu za shirika. Barua hutumwa kwenye anwani ya mwisho waliyonayo, na mkataba kwa kawaida haujali kama ulishahama. Mtu akipoteza namba ya miaka kumi kwa sababu ya sanduku la barua, chama hakina la kumsaidia.

Kama kazi yako ya sasa ilikutaka ujiuzulu kule kwa zamani, angalia ulichotia saini. Kuna mashirika yanayodai hivyo ili yasikufundishe kisha uyakimbie. Barua ya kujiuzulu ikishapelekwa na kupokelewa, hakuna cha kuamua.

Namba yako inasimama wapi

Wengi huanza na mshahara. Sisi tunasema anza na orodha ya ukongwe, kwa kuwa ndiyo inayoamua kituo, ndege, kiti, ratiba, likizo, na nani atatoka tena upepo ukigeuka. Usichanganye namba hiyo na ngazi ya mshahara. Unaweza kurudi kwenye namba yako ileile ukalipwa kama mtu wa mwaka wa pili, au ukalipwa vizuri huku uko mkiani.

Chukua mfano. Orodha ina marubani 6,000, wewe ni wa 5,700. Chini yako wako 300, na hao ndio kinga yako. Kama mara iliyopita shirika lilitoa watu 800, kinga ya 300 haitoshi.

Sasa hesabu walio juu yako watakaofikisha miaka 65, umri ambao sheria inamzuia rubani kuendelea na safari za mashirika ya ratiba. Tuseme wanastaafu 250 kila mwaka. Baada ya miaka minne utakuwa wa 4,700, na hapo ndipo watu hujidanganya. Kama shirika linaajiri wa kuziba nafasi zote, orodha bado ni 6,000 na chini yako wako 1,300. Kama haliajiri, orodha imeshuka hadi 5,000, na chini yako bado ni wale wale 300. Namba imependeza, hatari haijasogea hata hatua moja. Kwa hiyo usiulize tu wangapi wanastaafu. Uliza shirika linaajiri wapya wangapi, na limeagiza ndege za kuongeza idadi ya ndege zake au za kubadilisha zilizochakaa.

Hata hesabu ya kustaafu si ya kuapia. Kikomo kilikuwa miaka 60 hadi Desemba 2007, kikapandishwa kuwa 65. Waliokuwa karibu kustaafu wakabaki, na waliokuwa wakisubiri nafasi zao wakaganda, muda mfupi kabla ya uchumi kuanguka 2008. Wapo marubani waliopunguzwa baada ya 2001, wakaitwa, kisha wakapunguzwa tena katika mdororo huo. Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha pendekezo la kufika 67, lakini halikuingia kwenye sheria ya anga ya 2024. Fanya hesabu yako mara mbili: kwa 65, na kwa 67.

Pesa, kwa mwezi mbaya

Usilinganishe viwango vya saa peke yake. Zidisha kiwango kwa saa za chini zinazolipwa hata usiporuka. Mfano: sasa unalipwa dola 130 kwa saa, saa 75 za uhakika, yaani dola 9,750 kwa mwezi. Kule unakoitwa ni dola 150, lakini saa 72: dola 10,800. Tofauti ni dola 1,050. Kama kituo utakachopewa si mjini kwako, toa kitanda cha kupanga na hoteli za kulala kabla ya zamu. Ikiwa ni dola 500, karibu nusu ya faida imekwisha. Mkiani utakaa zamu za akiba, simu mkononi, na siku ya kusafiri kwenda kituoni hukatwa kwenye siku zako za mapumziko, si za shirika.

Kisha pitia vitu vinavyosahaulika: mchango wa mwajiri wa uzeeni ambao bado haujawa wako kwa sababu hujatimiza muda, deni la mafunzo unalotakiwa kurudisha ukiondoka mapema, na bima ya afya. Bima ya kule inaweza isianze siku ya kwanza. Unaweza kuendelea na ya mwajiri unayemwacha, kwa kawaida hadi miezi 18, lakini utalipa bei nzima, hadi asilimia 102 ya gharama yake. Ukiwa na familia, ulizia bei hiyo kabla ya kujibu barua.

Mafunzo na karatasi

Cheti cha afya cha daraja la kwanza kinadumu miezi 12 kwa aliye chini ya miaka 40, na miezi 6 kwa aliyefikisha 40 na zaidi. Kama kimepitwa, panga miadi wiki hiyohiyo. Kuna wanaokosa darasa kwa kusubiri daktari.

Kama hukuruka aina ile ya ndege siku 90 zilizopita, unahitaji kuruka na kutua mara tatu upya, jambo linaloweza kufanywa kwenye simuleta, mashine inayoiga ndege. Ukikaa nje muda mrefu, shirika litakurudisha kwenye kozi nzima. Baada ya mtihani, sheria inataka saa 100 za kuruka aina hiyo ndani ya siku 120. Kwa mtu wa zamu za akiba kwenye aina ya ndege isiyoruka sana, saa hizo hazipatikani kirahisi, na zikikosekana unarudi simuleta. Uliza mapema wanazipangaje.

Usikubali ili tu "kujaribu" kisha utoke katikati ya kozi. Waajiri hutakiwa kupeleka kumbukumbu za mafunzo na za kuachana na rubani kwenye hifadhidata ya mamlaka ya anga, FAA, na mwajiri ajaye ataziona.

Kujibu

Kama mkataba unaruhusu kupisha, na kinga yako chini ni ndogo, kupisha ndiyo chaguo letu karibu kila mara: unabaki unalipwa ulipo, namba yako inasogea bila wewe. Isipokuwa ngazi ya mshahara kule inasimama ukiwa nje na ulipo hakuna njia ya kufika ukapteni. Hapo kila mwaka wa kupisha una gharama, na bora uiandike kwa dola.

Jibu kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba, siyo kwa simu, na weka uthibitisho wa kupokelewa. Ukikubali, usimpe mwajiri wa sasa notisi hadi uwe na vitu vitatu kwa maandishi: tarehe ya darasa, ndege na kituo, na ngazi ya mshahara. Madarasa huahirishwa. Ikitokea umeshajiuzulu, unakaa bila mshahara wa pande zote mbili, na namba uliyoiacha ulipokuwa hairudishwi.