Jinsi ya Kusoma Neno "Nisi" katika Amri ya Mahakama
Ukikabidhiwa hapa Dodoma nakala ya amri ya mahakama yenye neno "nisi", usilisome kwa sikio la Kiswahili: "si" yetu hukanusha, ilhali "si" ya Kilatini maana yake ni "kama", na kikanushi kimejificha katika "ni", iliyotokana na "ne". Kwa hiyo nisi ni "isipokuwa kama". Tafuta kwanza tarehe ya kufika mahakamani, kwa sababu amri hiyo, mathalani ya kuzuia fedha za mdaiwa zilizoko benki, itathibitishwa isipokuwa kama mhusika ataonyesha sababu ya kuipinga. Uingereza na Wales waliliondoa neno hilo katika maombi mapya ya talaka mwaka 2022, wakaandika "amri yenye masharti", jina lililo wazi zaidi.