Kabla hujaomba pesa za filamu serikalini, tazama India walivyofanya

Mimi ni mpiga vidio wa harusi, Kibokoni, Mombasa. Usiku wa kupamba huingia na kamera mahali asipoingia mpiga picha mwanamume, na hiyo ndiyo riziki yangu. Lakini nina filamu ninayoitaka: mama muuza viazi karai wa Makadara na mwanawe baharia asiyepiga simu. Nimeiombea pesa mara mbili. Ya kwanza nilinyimwa, tena kwa haki. Ya pili imepita mchujo wa kwanza. Kati ya hizo mbili nilikaa nikisoma vile India inavyosaidia filamu ndogo za lugha zake, na hapo ndipo nilipoona makosa yangu.

Anza na lugha. Ombi la kwanza niliandika mazungumzo yote kwa Kiingereza ili kamati ifurahi, mama wa viazi akawa anazungumza kama msoma habari. Pather Panchali ya Satyajit Ray, iliyotoka 1955, ni ya Kibengali na ya kijijini. Mwongozaji aliishiwa hadi vito vya mkewe vikawekwa rehani, kisha serikali ya jimbo la West Bengal ikatoa pesa za kumalizia. Kwenye daftari za serikali ziliandikwa kuwa ni za kutengeneza barabara! Basi wewe andika Kimvita chako, Kiswahili chetu cha Mombasa, na tafsiri iweke pembeni kwa anayeihitaji.

Kisha bajeti. Film Finance Corporation, shirika la serikali ya India la kukopesha watengeneza filamu, lilianza 1960. Mojawapo ya filamu lilizogharamia ni Bhuvan Shome ya Mrinal Sen, 1969: waigizaji wachache, picha nyeusi na nyeupe, mchanga na vijiji vya Gujarat. Chagua hadithi ambayo mahali pake unapafikia kwa tuktuk. Halafu hesabu kila kitu: kukodi jenereta, betri za akiba, chai ya asubuhi, chakula cha mchana cha watu tisa kwa siku kumi. Mimi chakula nilikisahau kabisa, na swali pekee nililorudishiwa lilikuwa: hawa watu watakula nini?

Karatasi nyingine hazina maneno mengi. Sajili kampuni, pata PIN na cheti cha kodi, fuatilia matangazo ya Kenya Film Commission, iliyoanzishwa 2005, na kumbuka kuwa filamu hupangiwa umri na Kenya Film Classification Board kabla ya kuonyeshwa hadharani. Dada zangu, ulizeni kama kuna fungu la wanawake. Jimbo la Kerala, huko India, lilitenga rupia milioni 15 kwa kila filamu ya mwongozaji mwanamke aliyechaguliwa, na filamu ya Nishiddho ikazaliwa hapo.

Sasa jambo ambalo wengi wetu huliandikia mstari mmoja tu: filamu itatazamwa wapi? India iliumia hapa. Filamu nyingi zilizokopeshwa na serikali hazikupata kumbi, zikabaki kwenye makopo yake bila kuonyeshwa, na mikopo ikawa migumu kulipika. Kerala ina kumbi za serikali, na mwaka 2024 ikafungua CSpace, jukwaa lake la mtandaoni, ambapo mtu alilipa rupia 75 kwa filamu moja.

Bibi yangu alikuwa akienda sinema ya Naaz kwa onyesho la wanawake, buibui mpya na karanga mkononi, na hadi leo hadithi za filamu zile anazo kichwani. Nikaandika mpango kwa kumfikiria yeye: Jumamosi baada ya Alasiri, ukumbi wa shule, wanawake peke yao, viti 120. Kisha vibanda vya kuonyeshea mpira, siku zisizo na mechi. Niliwaendea wenye vibanda watatu, wakanipa barua zenye sahihi na bei, nikaziambatisha. Wewe pia usiandike "itaonyeshwa kote Pwani". Andika jina la mahali, idadi ya viti na siku.

Jibu la mwisho sijalipata. Wiki hii nakwenda Makadara na kinasa sauti nimsikilize yule mama anavyoita wateja, kwa sababu ukurasa wa nne wa mswada wangu bado hausemi kama yeye.