Kabla ya Kusajili Kozi ya Chuo Ukiwa Bado Sekondari Marekani

Katika majimbo mengi ya Marekani, mwanafunzi wa darasa la 11 au la 12 anaweza kusoma kozi halisi ya chuo na ikahesabiwa pande mbili: kwenye cheti cha sekondari na kwenye rekodi ya chuo. Minnesota iliuwekea mpango huu sheria mwaka 1985, Washington ikafuata mwaka 1990, na leo shule nyingi huuita dual enrollment. Familia nyingi hukimbilia fomu ya kujiunga, ambayo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Cha kuuliza kwanza ni hiki: alama itakayopatikana itapelekwa wapi baadaye, na nani ataipokea?

Kwa hiyo anzia mwisho. Andika majina ya vyuo vitatu au vinne unavyotarajia kuomba, kisha ingia kwenye tovuti ya kila kimoja, sehemu ya msajili (ofisi inayotunza rekodi za masomo), utafute jedwali la ulinganifu wa kozi. Weka jina la chuo unachotaka kusomea sasa na namba ya kozi. Jibu huwa moja kati ya matatu. Kozi inalingana na kozi fulani ya pale; au inapokelewa kama krediti (vipimo vya uzito wa kozi) za hiari tu; au haipokelewi. Jibu la pili ndilo linalowapotosha watu, maana krediti zinaonekana kwenye rekodi lakini hazimsogezi mwanafunzi hata hatua moja kwenye fani yake. Anayelenga uhandisi, kwa mfano, akisoma aljebra ya chuo anaweza kufika kule akakuta hesabu za uhandisi zinaanzia kalkulasi, na ile aljebra haijazi nafasi yoyote. Kozi za uandishi wa Kiingereza, takwimu, historia ya Marekani na saikolojia ya utangulizi kwa kawaida huhamishika kwa urahisi zaidi, hasa kutoka chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) kwenda chuo kikuu cha umma cha jimbo hilohilo.

Vyuo vikuu binafsi vyenye ushindani mkali ni habari nyingine. Baadhi hukataa kozi yoyote iliyotumika kutimiza masharti ya cheti cha sekondari, na vingine hukataa iliyofundishwa ndani ya jengo la sekondari hata kama mwalimu ameidhinishwa na chuo. Jedwali lisipojibu, andika baruapepe kwa ofisi ya msajili ukitaja namba ya kozi, na uhifadhi jibu pamoja na silabasi. Miaka miwili baadaye, silabasi hiyo ndiyo itakayokutetea kozi ikipingwa.

Usichanganye mpango huu na AP (Advanced Placement), yaani kozi za kiwango cha chuo zinazofundishwa sekondari. Kwenye AP unasoma shuleni kwako na kufanya mtihani mwezi Mei unaopewa alama kati ya 1 na 5. Vyuo vingi vya umma huanzia 3, vyenye masharti magumu hudai 4 au 5, na ukiboronga unaweza kuamua kutoituma alama. Kozi ya chuo haina mlango huo wa nyuma. Alama yake inabaki kwenye rekodi ya chuo ya kudumu. Anayeomba shule ya udaktari kupitia AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya shule hizo, hudaiwa rekodi za kila chuo alichowahi kusoma, zikiwamo za wakati wa sekondari, na alama zake huingizwa kwenye GPA, yaani wastani wa alama. LSAC, inayokusanya rekodi za waombaji wa shule za sheria, nayo huzihesabu. D, alama iliyo juu ya F ya kufeli tu, ya umri wa miaka 16 inaweza kukutana nawe ukiwa na 22.

Ndiyo maana hesabu ya muda inahitaji ukweli. Kozi ya krediti 3 kwa muhula wa wiki 15 ni saa 3 za darasani kwa wiki, na desturi ya vyuo ni saa 2 za kujisomea kwa kila saa 1 ya darasani. Jumla saa 9. Kozi hiyohiyo ikibanwa kwenye wiki 8 inakaribia saa 17 kwa wiki, na hapo ndipo wengi wanapozama, kwa sababu kwenye ratiba zote mbili zinaandikwa tu “krediti 3”. Sayansi yenye maabara huwa krediti 4, na maabara peke yake inaweza kula mchana mzima. Ongeza muda wa safari kati ya shule na chuo. Angalia pia kalenda: likizo ya chuo na ya sekondari aghalabu haziangukii siku zilezile, hivyo basi la shule linaweza lisiwepo siku ambayo chuo kina mtihani.

Silabasi ikitoka, isome na kalamu mkononi. Tuseme inasema mtihani wa kati ni asilimia 30, insha 30, mtihani wa mwisho 40. Hakuna pointi za mazoezi ya nyumbani, hakuna kurudia mtihani. Ukipata 52 kwenye mtihani wa kati, umeingiza pointi 15.6; ili ufikishe 70 za jumla, ambazo kwa wahadhiri wengi ndizo mwanzo wa C, unahitaji wastani wa karibu 78 kwa yote yaliyobaki. Hesabu hiyo ifanywe siku matokeo yanapotoka, si wiki ya mwisho, kwa sababu ya tarehe mbili ambazo kila mwanafunzi anapaswa kuzijua kabla muhula haujaanza.

Tarehe ya kwanza, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili za mwanzo, ni ya kuacha kozi bila alama yoyote kubaki. Ya pili huja baada ya katikati ya muhula; ukiiacha kozi kabla yake unapata W (alama ya kujiondoa), ambayo inaonekana kwenye rekodi lakini haishushi GPA. Ukipitisha zote mbili, unabaki na alama utakayoipata, hata kama ni F. Kutohudhuria tu si kuacha kozi: lazima ujaze fomu au ubonyeze kitufe kwenye mfumo, kisha umwarifu mshauri wa sekondari. Kabla ya kuacha, uliza kama utabaki na vipindi vya kutosha kuhesabiwa mwanafunzi wa muda wote shuleni, na kama kozi hiyo ilikuwa inakamilisha masharti ya kuhitimu. W nyingi nazo zina gharama. Vyuo vingi hutaka mwanafunzi awe amemaliza takribani asilimia 67 ya krediti alizojaribu ndipo aendelee kupata msaada wa fedha wa serikali kuu, na ukiendelea kusoma chuo kilekile, zile ulizoacha ukiwa sekondari zinaweza kuingia kwenye hesabu.

Kuhusu fedha, usiridhike na neno “bure”. Florida, kwa mfano, humwondolea mwanafunzi wa shule ya umma karo na gharama za vitabu. Kwingineko karo hulipwa na jimbo lakini vitabu, ada ya maabara, msimbo wa kufungulia mazoezi ya mtandaoni na usafiri ni vyako. Uliza kila kimoja kwa jina lake. Uliza pia nani analipa ukifeli au ukiacha kozi, kwani baadhi ya wilaya za shule humdai mzazi.

Upande wa sekondari, mwambie mshauri aandike kozi itahesabiwa krediti ngapi shuleni. Washington, krediti 5 za chuo chenye mihula ya robo mwaka ni krediti 1 ya sekondari. Majimbo mengine yana kipimo chao. Ukihamisha krediti kutoka chuo cha mihula ya robo mwaka kwenda cha mihula ya nusu mwaka, zidisha kwa theluthi mbili: 5 zinakuwa 3.33, na chuo kinachodai 4 hakitakubali upungufu huo. Wanamichezo wanaolenga NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wahakikishe kozi imeandikwa pia kwenye rekodi ya sekondari, la sivyo haiingii kwenye kozi 16 za msingi zinazotakiwa.

Mzazi naye ajiandae. Chini ya FERPA, sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya rekodi za elimu, haki juu ya rekodi za chuo ni za mwanafunzi, hata akiwa na miaka 15. Mhadhiri anaweza kukataa kuzungumza na mama yake. IEP, mpango wa msaada wa masomo kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, nao hauvuki geti la chuo. Mwenye kuhitaji muda wa ziada kwenye mitihani lazima ajisajili mwenyewe kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, akiwa na nyaraka, wiki kadhaa kabla ya mtihani wa kwanza.

Mwishoni mwa kila muhula fungua akaunti yako ya chuo uone kama kuna deni, hata la kitabu cha maktaba au faini ya maegesho, maana baadhi ya vyuo huzuia rekodi rasmi hadi lilipwe. Rekodi hiyo huagizwa kutoka chuo chenyewe na kutumwa moja kwa moja kule unakoomba. Ile ya sekondari yenye alama ileile haitoshi.