Kabla ya Kuingia Makumbusho ya Viinimacho

Makumbusho ya viinimacho, yaani ya vyumba na vitu vinavyodanganya macho, mfano wa yale yaliyoanzia Zagreb, Kroatia, mwaka 2015 na kufika hadi Dubai, si mahali pa kutazama vitu kwa mbali. Hapo mwili wako ndio unaojaribiwa, hivyo uandae kwanza.

Chaji simu. Vaa viatu visivyoteleza, na ukiwa na gauni vaa suruali ndani, kwa sababu baadhi ya sakafu ni za vioo. Usiende peke yako: katika chumba cha Ames, kilichobuniwa na Mmarekani Adelbert Ames, sakafu na kuta zimeinamishwa kwa hesabu ili aliye pembe moja aonekane jitu na wa pembe ya pili aonekane kama mtoto, na kiinimacho hicho hukamilika kwa jicho moja lililo mahali palipopangwa, ndiyo maana kamera hudanganyika vizuri kuliko macho mawili.

La handaki linalozunguka lisome mara mbili. Nilimpeleka shangazi yangu katika makumbusho ya aina hiyo mara tu baada ya kula biriani, nikijua kabisa kwamba hushikwa na kizunguzungu. Daraja unalopita ndani ya handaki hilo halisogei hata kidogo. Kinachozunguka ni ukuta wa mviringo uliojaa taa. Macho huuambia ubongo kwamba unapinduka, sikio la ndani linakana, na mgongano huo ndio unaoleta kichefuchefu. Alipofika katikati, shangazi aliinama upande mmoja, bangili zake zikawa zinagonga kishikio, naye hawezi kwenda mbele wala kurudi. Nikapaza sauti, "Tazama mbele, shangazi!" Nilikosea vibaya, kwani mbele ndiko kulikokuwa kukizunguka. Mhudumu ndiye aliyemwambia kwa upole, "Mama, fumba macho." Alipofumba, daraja likatulia, akavuka akipapasa kishikio. Hata hivyo alitapika mlangoni, na jioni yote hakuinua kichwa kwenye mto wa kulalia.

Kwa hiyo kula mapema, tena chakula chepesi. Mwenye kifafa aulize habari za taa zinazomwekamweka kabla ya kulipa. Mjamzito na mzee waonyeshwe njia ya pembeni. Mtoto ashikwe mkono penye vioo vingi, asije akajigonga uso. Nawe ukitokwa na jasho jembamba popote pale, fumba macho, shika kishikio, kisha toka taratibu.